Kusomea Lishe Si Kusomea Upishi



Jumamosi iliyopita nilikuwa katika soko la Kamwokya nikichagua nyanya, mara nikasikia naitwa kutoka upande wa pili wa meza ya muuza dagaa. Alikuwa ni jirani yetu mmoja, sajini wa polisi, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa kuwa hakunipa ruhusa ya kulitangaza. Mkononi alishika fomu ya kuombea nafasi ya Chuo Kikuu, imekunjwa mara nne.

"Dada," alisema, "wewe huandika habari za jikoni kila juma, kwa hiyo hebu niambie ukweli. Binti yangu amemaliza Kidato cha Sita, na amefaulu vizuri baiolojia na kemia. Mimi na mama yake tulitazamia udaktari, na ukikosekana udaktari, basi uhasibu. Sasa anatuambia kwamba anataka kusomea lishe. Je, niuze ng'ombe wangu wawili walioko kijijini ili mtoto aende Chuo Kikuu kufundishwa kupika maharage, kazi ambayo mama yake alimfundisha akiwa na umri wa miaka tisa?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini niliona wazi kwamba hakuwa akifanya mzaha. Ng'ombe wawili si mali ndogo kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa askari. Tulisimama pale tukazungumza kwa muda mrefu, nami nikamwahidi kwamba nitayaandika mazungumzo yetu katika ukurasa huu, kwa sababu najua si yeye peke yake aliye na swali hilo. Katika kambi na katika nyumba za askari wamo wazazi wengi wanaodhani kwamba mtaalamu wa lishe ni mpishi aliyevaa koti jeupe.

Kilima cha jirani

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba sisi wakazi wa Kamwokya hatuna haja ya kusafiri mbali ili kuielewa kazi hii. Ng'ambo ya bonde tu kipo kilima cha Mulago, na katika hospitali iliyo juu yake yalifundishwa mambo ya lishe ambayo baadaye yalienea duniani kote.

Mwaka 1935 alihamia Uganda daktari Mwingereza aitwaye Hugh Trowell, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Kenya tangu mwaka 1929. Mulago aliwakuta watoto wadogo waliovimba miguu na uso, ngozi inabanduka, nywele zimepauka na kuwa nyekundu, tena wamenuna na kukataa chakula. Wengi wao walikufa. Mwaka huo huo wa 1935, Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliutangaza ugonjwa huo katika jarida la Lancet kwa jina alilolisikia kwa akina mama wa kabila la Wagaa: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa ziwani mwenzake anapozaliwa. Kwa Kiswahili tunauita unyafuzi.

Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, na waliuhusisha ugonjwa huo na mimba mpya ya mama. Tazama jinsi ambavyo akina mama wa nchi mbili zilizo mbalimbali, pasipo kuonana wala kuandikiana barua, walikuwa wameona jambo lile lile kabla ya madaktari: mtoto huharibika pale anapoachishwa ziwa na kuwekwa mbele ya sahani isiyomfaa.

Kwa nini sahani haikumfaa, hali Buganda ni nchi ya neema? Jibu limo katika sahani yenyewe. Matoke ni chakula kizuri, lakini sehemu yake kubwa ni maji na wanga. Katika gramu 100 za ndizi hizo protini ni kiasi cha gramu moja tu, wakati gramu 100 za maharage makavu huwa na zaidi ya gramu 20. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Anaweza kushiba matoke mpaka akasukuma sahani, na mwili wake ukabaki na njaa. Hili ndilo fundisho la kwanza la elimu ya lishe, nalo halionekani kwa macho ya mpishi: mtoto aweza kudhoofika katika nyumba ambayo chungu chake hujaa kila siku.

Maziwa ya hospitali na chakula cha nyumbani

Katika miaka ya 1950 Mulago ilikuwa na kitengo cha utafiti cha Uingereza kilichoshughulikia utapiamlo wa watoto, na mwaka 1954 Trowell pamoja na wenzake Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor. Tiba ilipatikana. Watoto walipewa vyakula vilivyotengenezwa kwa maziwa, uvimbe ukashuka, wakacheka, wakarudi nyumbani. Lakini wengine walirudi tena wodini, na wengine hawakuwahi kurudi.

Sababu ni nini? Mama alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mtoto ameponywa na hospitali. Alidhani kuwa unyafuzi ni ugonjwa kama malaria, ambao dawa yake hukaa kwa daktari. Tena, kwa kuwa aliona maziwa ya unga yakifanya maajabu, alipofika nyumbani alinunua maziwa na chupa ya kunyonyeshea. Maziwa yalikuwa ghali, kwa hiyo aliyazimua kwa maji. Chupa nayo haikuwa rahisi kuisafisha. Mtoto akaharisha, na hali ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Madaktari walikuwa wamemtibu mtoto pasipo kumfundisha mama, na mafunzo ambayo mama aliyapata kwa kutazama yalikuwa mabaya.

Kutokana na hayo, mwaka 1965 ilifunguliwa hapo Mulago nyumba iitwayo Mwanamugimu. Jina hilo limetoka katika methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutoka katika ngozi, yaani ile mbeleko aliyobebewa na mama yake. Maana yake ni kwamba afya ya mtoto huanzia kwa mama.

Mwanamugimu ilikuwa na bustani na jiko. Mama hakuachwa nje ya dirisha akingoja kuitwa. Alikaa na mtoto wake kwa majuma kadhaa, akilima, akitwanga na kupika mwenyewe, kwa kutumia vyakula ambavyo angevipata shambani kwake. Walipika kitobero: chakula kikuu kama matoke au viazi vitamu, pamoja na maharage au karanga zilizotwangwa, na kidogo cha samaki, nyama, yai au maziwa, vyote vikafungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Mama alimwona mtoto wake akipona kwa kijiko alichokishika yeye, wala si kwa sindano. Aliporudi kijijini, majirani waliokuwa wamemlilia mtoto yule walimwona ananenepa, wakauliza, naye akawafundisha.

Hapo jirani yangu alinikatiza. "Kumbe nilisema kweli, dada. Walifundishwa kupika!"

Nikamjibu, "Afande, akina mama wale walikuwa wakijua kupika tangu utoto wao. Kilichokosekana ni mtu wa kujua ni nini kilichopungua katika upishi wao, na kwa kiasi gani, na jinsi ya kukijazia kwa vitu wanavyoweza kuvipata, bila ya kuwadharau. Mtu huyo ndiye mtaalamu wa lishe."

Sahani iliyojaa kupita kiasi

Nilimwongezea jambo la pili, kwa sababu wako wanaodhani kwamba kazi hii ni ya watoto na akina mama peke yao.

Trowell huyo huyo aliandika kwamba katika miaka yake ya mwanzo ya kazi hapa Afrika Mashariki alikuwa akikuta shinikizo la damu na kisukari kwa nadra sana miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la matibabu la Afrika Mashariki juu ya mgonjwa mmoja Mwafrika aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na habari hiyo ilikuwa ngeni kiasi cha kustahili kuandikwa. Baadaye, akishirikiana na Denis Burkitt, ambaye naye alikuwa daktari wa upasuaji hapo Mulago, alitoa mwaka 1975 kitabu kilichoeleza kwamba vyakula vilivyokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi vina sehemu katika kuleta maradhi mengi ya mataifa yenye utajiri.

Basi kilima kimoja kimetoa mafunzo mawili: la sahani iliyopungukiwa na la sahani iliyozidi. Leo mafunzo hayo mawili hukutana katika nyumba moja. Mtoto amedumaa, na baba yake ana kisukari. Askari kijana hukimbia, hupiga kwata na hubeba mzigo, kwa hiyo mwili wake huteketeza anachokula. Akifika umri wa miaka 45, akapewa kazi ya mezani, huendelea kula sahani ile ile ya posho, na chapati mbili za kandokando ya barabara, na soda, na usiku hufunga siku kwa bia na nyama choma. Mguu haumpeleki tena, bali mkono wake haujapata habari hiyo.

Hapo jirani yangu alinyamaza. Alitazama dagaa kwa muda, kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba miezi mitatu iliyopita alipimwa akakutwa na sukari. Daktari alimpa vidonge, na pamoja na vidonge alimwandikia karatasi ya kumwona mtaalamu wa lishe. Vidonge anavimeza. Karatasi ingali mfukoni mwa koti lake, kwa sababu aliona haya kwenda kufundishwa kula akiwa mtu mzima mwenye vyeo begani.

Wasomaji wapendwa, sina haja ya kueleza zaidi. Wako wengi wenye karatasi kama hiyo mfukoni.

Kazi yenyewe ni ipi?

Yafaa sasa tuieleze kazi yenyewe. Mtaalamu wa lishe wa hospitali huanza siku kwa kuzunguka wodini pamoja na daktari na muuguzi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anapoletwa, yeye ndiye anayesaidia kukadiria maziwa yake kwa kufuata uzito wa mwili. Kwanza hupewa maziwa mepesi yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana. Hali ikitulia, ndipo anapohamishiwa chakula chenye nguvu zaidi. Kwa nini asipewe shibe siku ya kwanza? Kwa sababu moyo na viungo vya mwili ulioteseka kwa njaa haviwezi kuhimili chakula kingi kwa ghafula. Mpishi mwema humjazia mwenye njaa sahani. Mtaalamu anajua kwamba sahani hiyo yaweza kumwua.

Wodi nyingine anaye mgonjwa wa figo ambaye hafai kula chumvi nyingi, mjamzito aliyepungukiwa damu, mgonjwa wa kisukari na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Kila mmoja ana hesabu yake. Baada ya hapo ziko kliniki za nje, na vijiji, na shule, na kambi za wakimbizi, ambako hupima watoto kwa utepe wa mkono. Mtoto wa miezi sita hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 yumo katika hatari kubwa, na anahitaji tiba bila kukawia.

Na hapa, akina mama na akina baba, chukueni jambo moja la kutumia nyumbani. Mtoto aliyevimba miguu si mnene. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa muda wa sekunde tatu, kisha uachilie. Kama shimo limebaki miguu yote miwili, usingoje soko lifungwe wala mwisho wa mwezi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kazi kama hiyo haitoshi kujua mapishi. Mwanafunzi wa lishe husoma kemia ya mwili, jinsi viungo vinavyofanya kazi, sayansi ya vyakula, maradhi, hesabu za takwimu, na pia tabia na mila za watu. Hapa Uganda masomo ya lishe ya binadamu hutolewa katika Chuo Kikuu cha Makerere na katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kina masomo ya namna hiyo. Ndiyo maana baiolojia na kemia za binti huyu si mali ya kutupwa. Zimepata mahali pake.

Wanaofundisha wenzao

Baadhi ya wahitimu huendelea na shahada ya uzamili na uzamivu, wakawa walimu wa Vyuo Vikuu. Kwetu Uganda yupo Profesa Joyce Kikafunda, aliyefundisha sayansi ya chakula na lishe huko Makerere baada ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya mambo yanayosababisha kudumaa kwa watoto wa Uganda walio chini ya miezi 30. Katika miaka ya 2010 alipelekwa London kuiwakilisha nchi yetu akiwa Balozi. Na yule anayedhani kwamba elimu ya chungu humfungia mtu jikoni, aitazame safari hiyo.

Kenya yupo Profesa Ruth Oniang'o, profesa wa kwanza wa lishe nchini humo, ambaye amekuwa mwalimu, mhariri wa jarida la kitaalamu, mbunge wa kuteuliwa na mtetezi wa wakulima wadogo, hasa wanawake. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Afrika, pamoja na Bibi Maïmouna Coulibaly wa Mali.

Mwalimu wa namna hii ana mzigo mwingine, nao ni kusahihisha hata yale aliyofundishwa. Zamani ilidhaniwa kwamba unyafuzi ni upungufu wa protini tu. Mwaka 1974 Daktari Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba dunia ilikuwa imekosea kwa kuikimbilia protini peke yake. Mwaka 2013 utafiti uliofanywa juu ya mapacha wa Malawi ulionyesha kwamba bakteria wa tumboni nao wana sehemu yao, na hata sasa wataalamu wangali wanautafuta ukweli wote. Lakini kitobero hakikupitwa na wakati, kwa kuwa ndani yake hamna protini peke yake, bali mchanganyiko wa vyakula. Mwalimu mwema hubadili maelezo pale ushahidi unapobadilika, wala haoni haya.

Neno kwa wazazi na kwa binti

Sitaki kumdanganya jirani yangu wala msomaji yeyote. Kazi hii haina sifa za haraka. Daktari wa upasuaji huletewa kuku wa shukrani. Mtaalamu wa lishe, kazi yake inapofanikiwa, hakuna anayeona kitu, kwa sababu mtoto hakuugua. Nafasi za kazi nazo hazimwagiki kama mvua, na mhitimu hana budi kuwa tayari kwenda wilaya za mbali. Mwenye kutafuta sifa na atafute kwingine.

Kwa binti nasema hivi: elimu yako isikufanye uwadharau akina mama. Ukiingia katika nyumba ya mtu, kwanza uliza anapika nini, na kwa fedha kiasi gani, na nani anayekula kwanza. Usimwagize nyama ya kila siku mke wa askari mwenye watoto sita, wakati soko la Kamwokya lina mukene, maharage, karanga, dodo na nakati kwa bei anayoimudu. Somo ambalo Mulago ililipata kwa gharama ya maisha ya watoto, wewe umelipata bure.

Kwa wazazi wote nakumbusha yale ambayo wataalamu hao hutuambia kila siku. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita; kisha aanze kupewa chakula cha mchanganyiko huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Siku 1000 za kwanza, tangu mimba hadi mwaka wa pili wa mtoto, ndizo zinazojenga mwili na akili, na zikipita huwa vigumu kulipa deni lake. Kinga ni bora kuliko tiba.

Na kwako, afande wangu: uamuzi wa ng'ombe ni wako na mama watoto, siwezi kuuingilia. Lakini fomu uliyoikunja mkononi ina tarehe ya mwisho, na karatasi iliyo mfukoni mwa koti lako imekwisha kaa miezi mitatu. Zitoe zote mbili uziweke mezani leo jioni, umwite binti yako, na umwombe akusomee hiyo karatasi ya daktari na kukueleza maana yake. Ukiisha kumsikiliza, jaza fomu au iache.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.